Bakhili wa Vidonge

Kila asubuhi, akishamaliza kikombe cha pili cha kahawa, Ami Idarus alikuwa akiacha kuvuta sigara. Aliacha hivyo kwa miaka ishirini na sita, bila kukosa hata siku ya Idi. Aliketi kwenye baraza ya nyumba yake, akavuta sigara mpaka nusu, akaitazama kama mtu anavyomtazama mpangaji mkorofi, kisha akaizima kwenye udongo wa chungu cha mrehani na kusema kwa sauti ya kusikika madirisha matatu: "Basi. Tumeachana." Saa nne kasorobo alirudi kuifukua.

Mrehani ule ulinawiri kuliko yote mtaani. Mkewe, Khalati Alawiya, alisema ni baraka za mkono wake. Sisi majirani tulijua ni majivu.

Namwita ami, na mkewe khalati, kwa ujirani tu. Nyumba yetu inatazamana na yake hapa Mji wa Kale, na kichochoro kilicho katikati ni chembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwao, huombewa dua kwetu. Mengi ninayoyaandika nimeyaona au kuyasikia kupitia dirishani. Yaliyobaki nimeyapata kwake mwenyewe na kwa mkewe, ambaye husimulia kisa akiigiza sauti za wote waliokuwepo, pamoja na wale ambao hawakusema kitu.

Ami Idarus ni fundi wa cherehani. Duka lake liko Kibokoni, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Cherehani za umeme huzitengeneza kwa dharau, za miguu huzitengeneza kwa mapenzi. Na cherehani ya miguu haijaribiwi kwa macho. Fundi huketi, huweka mguu kwenye kanyagio, hukanyaga na kusikiliza. Alikuwa akisema mguu wake wa kulia una masikio.

Mwaka juzi mguu huo ukaanza kuziba masikio. Kila alipotembea kidogo, shavu la mguu lilikaza kama kamba iliyolowa, akalazimika kusimama mpaka liachie. Kwa kuwa hakutaka mtu ajue, alisimama penye watu na kusalimia. Alisimama kwa Bi Tumu, muuza viazi karai, akamuuliza hali yake, na hali ya watoto, na ya dada yake aliye Lamu. Alisimama tena mbele ya msikiti, na tena kwenye kona ya mwisho. Watu wakamsifu: Idarus siku hizi ana adabu, hampiti mtu bila kumjulia hali! Wengine wakawaambia watoto wao wamuige.

Adabu ikazidi mpaka akawa anasimama mara sita. Hapo kidole kidogo cha mguu kikageuka rangi ya biringani, na Khalati Alawiya akamburuta hadi zahanati moja karibu na Makupa, kwa daktari Mwikali.

Mwikali ni mwanamke mpole asiyepoteza maneno. Alikibonyeza kidole, akaweka vidole vyake juu ya wayo akitafuta mapigo ya damu, akatafuta sana. Kisha akatoa kalamu na kuchora mstari chini ya goti la Ami Idarus.

"Mzee, mishipa ya mguu huu inaziba. Ukiendelea na sigara tutakata kidole. Baadaye wayo. Baadaye hapa."

Khalati Alawiya alipouona ule mstari alitoka nje, akalie kwa nafasi. Kwa hiyo hakuyasikia yaliyofuata.

"Hamna dawa ya mguu?" Ami akauliza.

"Iko, nitakupa. Lakini ukivuta, ni kama kumwaga maji mchangani. Umewahi kujaribu kuacha?"

"Kila siku."

Mwikali akamwandikia cheti cha vidonge vya kuachia sigara, akamweleza polepole. Wiki ya kwanza ameze huku akiendelea kuvuta.

"Alhamdulillahi," akasema Ami Idarus.

"Siku ya nane unaacha kabisa."

Ami Idarus akaanza kutafuta viatu vyake.

"Umeze ukiwa umekula, asubuhi na jioni, na gilasi nzima ya maji. Unaweza kuhisi kichefuchefu. Na utaota, mzee. Ndoto nyingi, za ajabu. Usiogope, ila ukiona moyo umekuwa mzito au hasira zimezidi, urudi kwangu haraka. Wiki kumi na mbili, hata ukijiona umepona. Na ni vyako peke yako. Usimgawie mtu."

"Mimi sijaota tangu nioe," akasema Ami.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe habari za chakula na habari za maji. Za ndoto hakumwambia, kwa sababu, alivyoona yeye, ndoto si ugonjwa.

Siku ya nane aliketi barazani na kikombe chake, mikono ikitangatanga juu ya magoti. Kando yake alikuwa Ayman, muuza miwani, rafiki yake tangu chuo cha Kurani walipokuwa wakichapwa kwa fimbo moja. Kwetu mtu hatoi pakiti ya sigara akavuta peke yake. Huielekeza kwanza kwa mwenzake, na mwenzake kukataa ni kama kuuacha mkono wa mtu hewani. Ayman akaielekeza pakiti.

"Nimeacha," akasema Ami Idarus.

"Najua. Hata jana uliacha. Chukua."

"Nimeacha kweli, Ayman."

"Sasa nikivuta peke yangu utasema mimi mchoyo. Wataka nini, nivute ukutani?"

Ami Idarus alikuwa karibu kuinyoosha mikono ile isiyokuwa na kazi. Badala yake akasema, ili tu aseme kitu, "Ayman, leo nimeota."

Akasimulia. Alikuwa ameona cherehani ya marehemu mamake ikipanda ngazi kwa miguu yake minne, ikabisha hodi, ikaomba chai isiyo na sukari. Ayman alisahau kuwasha sigara. Khalati Alawiya alitoka ndani na ufagio mkononi.

"Mamako hakuwa akitia sukari!" akasema. "Idarus, mamako anataka khitma."

Khitma ya kumrehemu mama ikasomwa Ijumaa ile, na biryani ikaliwa. Watu waliposhiba walikubaliana kwamba ndoto ilikuwa ya kweli.

Tangu hapo kila asubuhi Ami Idarus alikuwa na ndoto, na kila asubuhi barazani palikuwa na watu wa kuisikia. Aliota mlango wa Bi Tumu umefungwa kwa kufuli la halwa. Ayman akafasiri kwamba binti wa Bi Tumu atapata posa. Siku ya nne wakaja watu wa posa, na mkononi wamebeba halwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba mjini kwetu posa isiyokuja na halwa haijawahi kuzaliwa. Aliota Barnabas, karani wa reli kutoka bara anayepanga orofa ya juu kwa Ayman, ameketi ndani ya gari la moshi lisilo na magurudumu akila mahamri. Mwezi haujaisha, Barnabas akahamishwa kutoka kwenye mabehewa kwenda kwenye ofisi yenye feni. Akaja na mkate wa siagi kushukuru.

"Mzee, mimi ni Mkristo," alisema, "lakini Yusufu wenu na Yusufu wetu si ni mmoja?"

"Ni mmoja," akasema Ami Idarus. "Ila yeye hakuwa na cherehani."

Katika shughuli hizo zote sigara haikupata nafasi. Saa ile ya kikombe cha pili ilikuwa imejaa watu. Ile kazi ya kidole na mdomo ikawa ya kusimulia, na aliposhikwa na hamu, kama alivyoniambia baadaye, ilikuja kama mgeni aliyekuta nyumba imejaa, akasimama mlangoni kidogo akaondoka. Wiki ya saba alikwenda dukani akisimama mara mbili tu. Bi Tumu alinung'unika kwamba umaarufu umemlevya, siku hizi hata haulizi habari za Lamu.

Shida ilianza wiki ya tisa, alipomwota Ayman mwenyewe. Alimwona amevaa joho la harusi, anasukumwa kwenye mkokoteni, na kando yake ameketi bibi harusi aliyefunikwa uso. Ami alisimulia bila kuwaza. Ilipofika adhuhuri ndoto hiyo ilikuwa imefika kwa mke wa Ayman, na ilipofika alasiri Ayman alikuwa barazani na mto wake wa kulalia kwapani.

"Idarus, umenivunjia nyumba!"

"Mimi nimelala tu, yakhe."

"Umelala wapi! Wewe miaka yote hukuota. Hizi ndoto zimeanza na yale madawa yako. Lete hilo boksi."

Boksi likaletwa. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, imeandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Ayman, pamoja na miwani yote anayoiuza, hakuweza kuisoma. Nikaitwa mimi. Mtu akisoma chuo kikuu mjini kwetu, hata kama alisoma fasihi, huletewa barua za mahakama, bili za maji na karatasi za dawa.

Nikasimama mbele ya watu kumi na kitu, nikasoma na kufasiri. Kichefuchefu. Maumivu ya kichwa. Kukosa usingizi. Kisha: ndoto zisizo za kawaida.

"Soma tena hapo," akasema Ayman.

Nikasoma tena.

"Mwasikia?" akapiga kelele. "Ndoto ya kweli hutoka kwa Mungu, ya uongo hutoka kwa Ibilisi, na hii ya Idarus yatoka duka la dawa! Twendeni kwa mke wangu mumwambie."

Nilidhani watu wataona haya na kwenda zao. Wakabaki wameketi, kama watu wanaopiga hesabu. Kisha Bi Tumu akavuta kiti chake mbele.

"Kwa hiyo ndoto zenyewe zimo mle ndani ya kidonge?"

"Ndiyo, Bi Tumu," nikasema.

"Na huuzwa wapi?"

Wiki ile daktari Mwikali alipokea wagonjwa kumi na mmoja kutoka kichochoro kimoja, wote wakitaka kuacha sigara. Watatu walikuwa mabibi wa zaidi ya miaka sabini. Bi Tumu, ambaye maishani mwake hajawahi kushika hata kibiriti cha mtu mwingine, aliulizwa huvuta ngapi kwa siku. Akajibu, "Inategemea wageni." Barnabas, anayeimba kwaya, alikiri kwamba huvuta kwa siri. Mwikali akamuuliza ni sigara gani. Barnabas akafikiri na kusema, "Nyeupe."

Wote wakarudishwa bila cheti. Na kwa kuwa kwa daktari hapakupatikana kitu, wakaelekea mahali ambapo vidonge vilijulikana vipo.

Lazima nieleze hapa jambo ambalo mtu wa mjini kwetu halihitaji kuelezwa. Kwetu, jirani akija kuomba chumvi, hutakiwi kusema imekwisha. Ikiwa imekwisha, unapita mlango wa nyuma ukaiombe kwa jirani mwingine ili umpe. Mtu anaweza kusemwa mlevi, anaweza kusemwa mwongo, akaishi. Akisemwa bakhili, hata mazishi yake huwa na watu wachache. Babake Ami Idarus alipokufa, alisifiwa kwa sentensi moja tu, kwamba mkono wake haukujua kufungika. Mwanawe amelelewa kwa sentensi hiyo.

Wa kwanza kuja alikuwa Ayman. Alitaka kimoja tu, aote ndoto nyingine ya kuitangua ile ya kwanza, amsimulie mkewe. Ami Idarus alikumbuka maneno ya Mwikali, akamtazama rafiki yake na mto wake, akampa kidonge cha jioni. Kesho yake Barnabas akapewa cha asubuhi. Kesho kutwa wakaja wawili.

Ayman hakuota chochote. Alitapika tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na mkewe, kwa huruma, akamrudisha chumbani. Kwa hiyo alitangaza kwamba dawa inafanya kazi.

Lakini kutoka dirishani mimi nilikuwa nikimtazama Ami Idarus. Asubuhi ya tatu mikono yake ilianza tena kutangatanga. Alimkaripia muuza kahawa kwa sababu ya kahawa. Hakusimulia ndoto, kwa sababu hakuwa na ndoto. Ayman alipoingia ndani kutawadha, aliacha pakiti yake juu ya baraza, na Ami akaitazama muda mrefu. Akaichukua. Akaipeleka puani, akafumba macho. Nilishika fremu ya dirisha nikataka kumwita. Alitoa sigara moja, akaizungusha vidoleni, akaangusha macho kwenye mguu wake. Ule wino wa Mwikali ulikuwa umefutika zamani, lakini alipitisha ukucha pale pale chini ya goti, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akairudisha sigara mahali pake.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Khalati Alawiya, aliyekuwa ameonja utamu wa kuwa mke wa mwotaji, alikuwa ameshawaahidi Bi Tumu na wenzake wanne. Na kwa kuwa yeye ni mwanamke wa nyumba, hakuweza kuwapa wageni kitu mkononi mkononi. Akatoa sinia ya shaba. Akapanga tende, visheti, vikombe vya kahawa, na katikati, ndani ya kisahani cha maua, vidonge kumi.

"Karibuni," akasema. "Bismillahi."

Bi Tumu alikuwa amenyoosha mkono Ami Idarus alipotoka. Alisimama mlangoni na kikoi chake, akaiangalia ile sinia kama mtu aliyekuta vidole vyake vimepangwa sahanini. Akainama. Akavichukua vidonge kimoja kimoja, hata kile kilichokuwa tayari kati ya kidole na kidole cha Bi Tumu.

"Hiki changu," akasema. "Na hiki changu. Na hiki. Vyote vyangu."

Akachukua visheti, akala. Akaagiza gilasi ya maji. Akameza kidonge kimoja mbele ya watu wote, akanywa maji mpaka tone la mwisho, na vilivyobaki akavitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

"Idarus," akasema taratibu Ayman, aliyekuwa ameketi pembeni mwa baraza, "wewe mtoto wa babako leo umekuwa bakhili?"

"Naam."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, wapate kuniona vizuri. Afadhali niwe bakhili wa miguu miwili kuliko karimu wa mmoja."

Khalati Alawiya alijifunika uso kwa leso. "Umenifedhehi."

"Fedheha itapita, Alawiya. Mguu haumei."

Wageni walikunywa kahawa yao, kwa sababu kahawa ilikuwa imeshamiminwa, wakaondoka bila kuaga vizuri. Ami Idarus alivaa kanzu akaenda Makupa siku ile ile, akamweleza Mwikali kila kitu. Mwikali alimgombeza kama mtoto, kisha akampangia upya namna ya kumalizia.

Neno likaenea. Bakhili. Lilifika Kibokoni kabla yake. Kwa muda wa wiki tatu hakuna mtu aliyeketi kwenye baraza ile, na hakuna mkono ulioelekeza pakiti. Alikunywa vikombe vyake viwili peke yake, akameza kidonge na maji, akaenda kazini. Ndoto zilirudi, akawa haambii mtu. Nilimsikia siku moja akimweleza paka.

Wiki za vidonge zilipokwisha, ndoto nazo zikakoma. Mwikali aliweka tena vidole juu ya wayo, akatafuta.

"Upo," akasema. "Mdogo, lakini upo."

Alikuwa akizungumzia mpigo wa damu. Ukucha wa kidole kidogo ulianguka, kidole chenyewe kikabaki, chekundu kama cha mtoto mchanga.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, wanawake wote walihitaji nguo za Idi, na cherehani zote zikaamua kuharibika. Mji wetu ukagundua kwamba hauwezi kumsusia fundi. Baraza ikajaa tena. Na kwa kuwa sasa ilionekana wazi kuwa Idarus ameacha sigara kweli, watu wakaanza kugawana sifa, kwa ukarimu uliokuwa ukikosekana. Khalati Alawiya alisema ni dua zake za alfajiri. Ayman alisema ni yeye, aliyekuwa akimjaribu kila siku kwa pakiti ili kumkaza moyo. Bi Tumu alisema ni viazi vyake, maana mdomo ulioshughulika na karai hauna nafasi ya moshi. Barnabas alisema kwaya nzima ilikuwa ikimkumbuka kila Jumatano. Kuna walioshikilia kwamba ni ndoto zenyewe, kwamba mtu aliyeonyeshwa mambo hawezi tena kurudia mchezo wa moshi. Ami Idarus aliwasikiliza wote, akamshukuru kila mmoja kwa jina.

Mimi nilimpelekea cherehani ya mama yangu dukani. Aliketi, akaweka mguu wa kulia kwenye kanyagio, gurudumu likazunguka. Tulikuwa peke yetu. Nilikuwa na swali moja, nililolibeba tangu siku ya sinia, na kwa mtu wa aina yangu swali moja huchukua miezi.

"Ami," nikasema, "hasa hasa, ni nini kilichokuachisha?"

Hakusimamisha mguu.

"Vidonge, mwanangu," akasema. "Nilivimeza."